Kadi Mbili, Pumzi Moja

6 Januari

Mdogo wangu,

Nakusalimu wewe na wote waliomo humo ndani, nikianza na Mama na magoti yake. Mimi nipo. Ninavyokuandikia nimekaa kwenye kitanda cha chini. Cha juu ni cha Redio, na miguu yake inaning'inia mbele ya uso wangu kama soksi zilizoanikwa.

Redio ni mwenzangu wa zamu. Tulimpa jina hilo kwa sababu alikuwa hanyamazi. Anakata mawe anaongea, anakula anaongea, anaoga anaongea na sabuni. Siku hizi anasema sentensi moja, anapumzika, ndipo anasema nyingine. Tunamtania, "Redio, betri zimelegea." Anacheka mpaka anakohoa, halafu hakuna anayecheka tena.

Kazi ni ileile. Mabamba ya mawe yanaingia makubwa kama milango, yanatoka meza za jikoni za watu tusiowajua. Msumeno unamwagiwa maji ili vumbi lisiruke, lakini maji yakipungua kwenye bomba hakuna anayesimamisha kazi. Jioni wote tunatoka weupe kama waliolala kwenye gunia la unga.

Sasa nikuambie kilichonishikisha kalamu. Kumebandikwa tangazo: nafasi moja ghalani. Ghala lina dirisha, na vumbi halifiki huko. Anatakiwa mtu wa kuandika lebo za mabamba na kumjibu dereva wa lori kwa Kiingereza: lipi pana kuliko lipi, lipi zito kuliko yote. Usaili ni mwisho wa Aprili. Mimi niliishia darasa la sita, na Kiingereza changu ni cha kuamrishwa tu: leta, shika, ondoa. Cha kulinganisha sina.

Wewe unafundisha watoto wa wenzio kila siku. Nifundishe na mimi, na uniandikie kwa karatasi. Chumbani tuko sita, simu ya mmoja inasikilizwa na wote, tena somo la simu likipita limepita. Karatasi naikunjua wakati wa mapumziko naisoma upya. Redio naye anaitaka nafasi hiyo. Tutasoma pamoja, atakayepata apate.

Kaka yako


30 Januari

Kaka, shikamoo.

Hapa tuko salama kwa kiasi chake. Mama anatembea asubuhi, jioni anakaa. Ukuta wa jikoni ulilowa ukalala upande mmoja, fundi ameuegemezea nguzo mbili, na Mama anapita pale anausalimia kama mgonjwa. Darasani kwangu wapo watoto sabini na nne. Wewe utakuwa wa sabini na tano, kaa mbele nikuone.

Somo lenyewe ni hili. Sisi tukilinganisha hatuligusi neno. Mrefu anabaki mrefu, tunaongeza "kuliko" na mambo yanakwisha. Mwingereza anaongeza mkia kwenye neno. Tall ni mrefu. Wakiwa wawili na mmoja amempita mwenzake, huyo ni taller, na yule aliyepitwa anatanguliwa na than. Wakiwa wengi na mmoja amewapita wote, huyo ni the tallest. Maneno marefu hayabebi mkia, hayo yape more na most. Halafu wapo wakorofi. Good inageuka better, kisha best. Bad inageuka worse, kisha worst. Hao usiwaulize sababu, washike tu.

Niandikie sentensi kumi. Sitaki tembo ni mkubwa kuliko panya, hayo watoto wangu wananikopia kila mwaka. Andika unachokiona kwa macho yako, kiwe cha kweli.

Tena nimeona umeniandikia kifua cha Redio. Chako hukukitaja.

Mdogo wako


24 Februari

Mwalimu,

Salamu zako zimefika na Mama mwambie nampa pole ya ukuta. Hapa baridi imepungua. Mwenzetu mmoja, yule wa kitanda cha dirishani, amemaliza mkataba akaondoka, na hatujalala vizuri tangu hapo kwa kugombea kitanda chake.

Sentensi zangu ziko kwenye karatasi ya pili, kwa Kiingereza, uzitie kalamu nyekundu. Hapa nakuandikia nilichokusudia kusema, ujue kama nimekisema. Msumeno wa tatu ni mkali kuliko wa pili. Chumba chetu ni kidogo kuliko jiko la Mama hata na ukuta ulivyolala. Vumbi la bamba jeupe ni baya kuliko la bamba jeusi. Buti za Redio ni kuukuu kuliko buti zote kiwandani. Msimamizi ni mnene kuliko mlango wa ofisi yake, hiyo ni ya Redio, sikutaka kuiacha. Namba ya Redio kwenye kadi ya kifua ni kubwa kuliko yangu. Zilizobaki utazisoma.

Redio anasomea begani kwangu. Jana tuligombana.

"Sema ghala ni more better," ananiambia.

"Mwalimu amesema wakorofi hawapewi more."

"Mwalimu hajaliona ghala. Angeliona angesema most more better."

Lakini nikuambie ukweli, anashika upesi. Mimi nikirudia neno mara kumi linakaa siku moja. Yeye akilisikia mara moja analitumia kumtukana mpishi.

Kifua changu hakina neno.

Kaka yako


18 Machi

Kaka, shikamoo.

Mama amepata nafuu, anasema nikuambie hivyo kwanza ndipo niendelee. Nimemaliza kusahihisha mitihani, vidole vinanuka wino.

Sentensi nane kati ya kumi ni sahihi. Mwambie Redio hiyo ya msimamizi nimeisoma mbele ya walimu wenzangu na chai imemwagika.

Lakini ile ya sita imeandikwa vizuri kabisa na siielewi. Umesema Redio hawezi kumaliza maneno bila kupumzika. Umesema yeye akicheka mnaogopa. Namba yake inakuwaje kubwa kuliko yako, wewe ambaye kifua hakina neno? Kadi hiyo inapima nini? Usinijibu kwa mzaha.

Mdogo wako


5 Mei

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Nakusalimu, namsalimu Mama. Chakula kipo, afya ipo. Usaili umepita na nafasi nimepata mimi. Usishangilie bado, soma mpaka mwisho.

Kila mwisho wa mwezi tunapimwa pumzi. Unapewa mrija wa plastiki, unavuta hewa, unapuliza kwa nguvu zako zote, mshale unapanda, na muuguzi anaandika namba kwenye kadi yako. Kadi ina mstari mwekundu. Ukiwa chini yake miezi mitatu mfululizo, unarudishwa kwenu. Kwa hiyo humu tuna desturi yetu, nimeikuta na nitaiacha: mwenye pumzi anampulizia asiye nayo. Tunaiita kuazimana. Tunaingia wawili wawili nyuma ya pazia, weupe kwa vumbi mpaka kope, barakoa zimening'inia shingoni. Muuguzi anasoma jina kwenye kadi na kunyoosha mrija bila kuinua uso. Mtu mmoja anapuliza mara mbili.

Mimi nimempulizia Redio tangu Oktoba. Pumzi ya kwanza, ile iliyoshiba, nampa yeye, kwa sababu yeye ndiye mwenye hofu. Yangu napuliza ya pili, nimeshachoka, na mshale unakaa juu kidogo tu ya mstari mwekundu. Ndiyo maana kwenye karatasi Redio ana kifua cha farasi na mimi ni mgonjwa.

Siku ya usaili waliingia tisa, Kiingereza kikatubakiza wawili, mimi na yeye. Alinipita kwa mbali, aliwajibu kama aliyezaliwa nacho. Tukawa tunasubiri watuambie nani. Ndipo akaingia daktari wa kampuni na kadi zetu mkononi, akatuuliza, kwa Kiingereza polepole, kati yenu nani dhaifu zaidi?

Redio akadhani wanatafuta wa kurudisha kwao. Akanyoosha mgongo. Akasema, "I am stronger than him. I am the strongest." Bila kosa hata moja. Daktari akatazama kadi, akatikisa kichwa kukubali. Akasema vizuri, wewe unaweza kubaki kwenye misumeno, na mwenzako mwenye kifua kibaya aende ghalani apone.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa swali linaelekea wapi kabla Redio hajafungua mdomo. Sitakudanganya kwamba nilikuwa natafuta neno. Neno nilikuwa nalo.

Tulipotoka nje alikaa juu ya ndoo. "Kumbe walikuwa wanagawa pepo," akasema, "na mimi nimejisifu." Akacheka kidogo, kwa uangalifu, kama anayebeba maji.

Nikimwambia daktari ukweli, tunafukuzwa wote wawili, sheria imeandikwa ukutani. Redio ameniomba nisiseme. Anasema mkataba wake unaisha Desemba, atafika. Mimi simwoni akifika. Nikaseme au nisiseme? Nasubiri barua yako.

Kaka yako


28 Mei

Kaka, shikamoo.

Mama mzima, nami mzima. Ukuta umeanguka, umeanguka mchana watu wakiwa nje, tunashukuru.

Barua hii haina somo. Unyamaze. Mtu mzima amekuomba usiseme, na wewe si daktari wake. Ukisema mtafukuzwa wawili, na yeye atapoteza kile hasa anachokilinda. Ukinyamaza, mmoja amekwisha kuokoka. Nilikuwa na miaka tisa Baba alipotoka kazini kifua kikipiga filimbi, na wewe ndiye uliyenitoa chumbani nisimwone akikata roho. Sitaki kuiona hiyo mara ya pili kwenye bahasha. Kaa ghalani. Andika lebo zako. Mpe Redio maziwa, mfulie nguo, mbebee ndoo, lakini nyamaza.

Nimekuandikia kwa haraka niiwahi posta. Usinijibu kwa maswali.

Mdogo wako


21 Julai

Mdogo wangu,

Nawasalimu. Huku tuko wanne chumbani sasa.

Barua yako ilifika tarehe tisa Juni. Redio alikufa tarehe kumi na saba. Asubuhi ya tarehe kumi na tano alivaa buti moja, akabaki ameishika ya pili, anaitazama. Nikamwambia nikusaidie? Akaniambia, "Subiri, natafuta stesheni." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Alipoanguka tulimshusha kwa ngazi, watu wanne, na alikuwa mwepesi. Hospitalini alikaa siku mbili na mrija mwingine mdomoni, ule wa kumpulizia yeye.

Nilifanya ulivyosema. Maziwa nilimpa, nguo nilifua. Na kabla ya hapo, mwisho wa Mei, nilimpulizia pia. Nilitoka ghalani kwenda kupimwa, nimepumzika, hewa safi imejaa, na mshale haukuwahi kupanda vile. Muuguzi alisema hongera, akaandika kwenye kadi yake.

Ningekuandikia mapema lakini sikuwa na la kuandika. Sasa ninalo. Mke wa Redio amenitumia barua aliyopokea kutoka kampuni. Yeye hasomi Kiingereza, anasema mume wake alimwambia chumbani kuna anayejifunza, basi nimsomee, anataka kujua kama wamesema alikufa kwa kazi. Kwa sababu kama ni kazi, ana haki zake, na kama si kazi, hana kitu.

Barua ni fupi. Wanasema wanasikitika. Wanasema katika vipimo vya mwisho marehemu alikuwa na mapafu yenye nguvu kuliko wafanyakazi wote wa banda la misumeno, kwa hiyo kampuni haioni namna kazi ilivyoweza kumwua. The strongest lungs, wameandika. Sikuhitaji kamusi. Nilikaa nayo juu ya kreti, dereva wa lori ananipigia honi, na mimi naisoma kama somo lako.

Mapafu hayo ni yangu, mdogo wangu. Nimeyabeba humu kifuani, mazima, na yanamnyima mjane haki.

Kesho naenda kwa daktari. Barua hii naitia posta leo ili nisipate njia ya kurudi nyuma.

Kaka yako


16 Agosti

Kaka, shikamoo.

Mama anakusalimu. Sijamsomea barua yako, nimemwambia unafikiria kurudi, amefagia chumba chako mara mbili.

Neno "nyamaza" nililiandika mimi, kwa mkono huu ninaoandikia ubaoni. Nimejaribu kusema nilikuwa sijui. Nilijua. Ulinieleza vizuri, kila kitu kilikuwemo, na niliwaweka ninyi wawili kwenye mizani kama mfano wa darasani nikachagua wangu. Sikumhesabu kama mtu mwenye mke.

Wiki hii kwenye ratiba ilikuwa kulinganisha, darasa la tano. Nimemwomba mwalimu mwenzangu anishikie kipindi.

Kama umeshasema, umefanya vizuri. Kama hujasema, sema. Njoo.

Mdogo wako


3 Oktoba

Mdogo wangu,

Mwambie Mama nimeshavuka mpaka, niko upande wetu, natafuta gari la kesho. Barua yako nilipewa langoni siku niliyotoka na begi. Usijitwike mzigo wote. Uliponiambia ninyamaze nilifarijika, na hilo ni langu.

Daktari hakuniamini. Akasema namtetea marehemu, ni jambo zuri lakini ni uongo. Nikamwambia anipe mrija. Nikapuliza ile ya kwanza. Mshale ukaenda ukasimama palepale, kwenye namba ya Redio ya mwezi wa tano. Akanipa tena, ukasimama karibu na namba yangu. Akaziweka kadi mbili mezani, akazisogeza pamoja.

"Mlikuwa mnaiba," akasema.

"Tulikuwa tunaazimana."

Akataka niandike maelezo, nikaandika mwenyewe kwa Kiingereza, ukurasa mmoja, makosa yamo. Niliandika nani alikuwa dhaifu zaidi. Wamenifukuza siku ileile ila wakanichelewesha kwa karatasi za kutoka. Maelezo yangu yamepelekwa makao makuu. Kuhusu mjane hawajaahidi. Karani aliniambia pembeni kwamba sasa kadi za Redio ni batili zote, na mtu asiye na kadi ni vigumu kusema aliugua nini. Nikamwuliza, alikuwa mzima kwa uongo, sasa si mzima wala mgonjwa? Akanigongea muhuri karatasi ya kutoka.

Nimepitia kwa mke wa Redio kumpelekea begi la marehemu. Ni fundi cherehani, chumba kimoja, mikono ya mashati imetundikwa kwenye kamba inangoja miili. Nilimsomea barua ya kampuni kwa lugha yetu, neno kwa neno, na nikamsomea nakala ya maelezo yangu. Sikuruka ile sehemu ya usaili. Alisikiliza huku mguu uko kwenye cherehani, haukanyagi.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyekuwa unampulizia," akasema.

"Ndiye mimi, shemeji."

"Na ulipokwenda ghalani uliendelea."

"Niliendelea."

Akasogeza kiti chake mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana. Akainua kiganja mbele ya mdomo wangu.

"Nipulizie. Kama ulivyokuwa unampulizia yeye."

Nikamwambia shemeji, sivyo. Kiganja hakikushuka. Nikavuta hewa, nikapuliza mpaka mwisho, mpaka machozi yakanitoka. Vipande vya nyuzi vilivyokuwa mezani viliruka vikatawanyika sakafuni. Alibaki na mkono hewani, anautazama, kama anayesubiri kitu kikauke.

"Pumzi nyingi," akasema.

Kisha akainama kuokota nyuzi zake, moja moja, na mimi nikainama upande wa pili kumsaidia.

Kaka yako